Mwanga Unakwenda Neptuni kwa Baiskeli

Bwana Lawrence Obeti, mkuu wa taaluma wa shule yetu ya sekondari hapa Arua, akikuta saa ya ukutani imechelewa dakika mbili huigombeza kama mwanafunzi. Huyo ndiye niliyetakiwa kumshawishi kwamba mwanga unaweza kupanda baiskeli.

"Madamu Candiru," aliniambia, "mimi nilisoma mwanga nakimbia kilomita laki tatu kwa sekunde moja. Sasa hiyo baiskeli ni ya nani?"

"Ni ya Kiden," nilisema.

Mimi sina subira. Mama yangu husema siku subira ilipogawanywa nilikuwa nimetoroka kwenda kucheza. Lakini siku ile nilivuta pumzi, nikachukua chaki, nikamchorea ubaoni barabara ya kwenda Koboko. Jua tunaliweka kwenye uwanja wetu wa mpira, chini ya Arua Hill: mduara wa chokaa wenye upana wa mita kumi na saba. Tukilipunguza Jua kiasi hicho, na kila kitu kingine tukakipunguza vivyo hivyo, Dunia inakuwa kabichi dogo, nalo linakaa karibu kilomita mbili kutoka uwanjani. Mwezi ni ndimu, hatua sita kutoka kwenye kabichi. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, inakuwa mpira wa fito na magunia wenye kimo cha mtu mzima, kilomita tisa na nusu kutoka hapa. Neptuni, sayari ya mwisho, inakuwa mtungi mkubwa wa pombe, na mahali pake ni kilomita hamsini na tano, kule Abuku, Koboko. Na mwanga, ambao angani huchukua saa nne na dakika kumi kutoka Jua hadi Neptuni, katika barabara yetu unakwenda kilomita kumi na tatu kwa saa. Huo ni mwendo wa baiskeli, tena baiskeli ya mtu anayepeleka mayai sokoni.

Bwana Lawrence alihesabu mwenyewe kwenye karatasi, kisha akahesabu tena. Nilimwona akitafuta kosa jinsi mtu anavyotafuta jiwe kwenye maharage, na hakulipata.

"Na kwa nini Kiden?" aliuliza, ingawa alijua.

Kiden ana miaka kumi na minne. Familia yake ilitoka Sudan Kusini na inaishi Omugo, kwenye makazi ya wakimbizi; yeye analala bwenini kwetu. Alipandishwa kidato cha pili kwa majaribio tu, kwa sababu mitihani ya kuandika humshinda. Jambo analijua, lakini akiwekewa karatasi mbele yake huitazama mpaka kengele inalia. Jumatatu mkutano wa walimu ungeamua abaki kidato cha pili au arudishwe cha kwanza. Mjomba wake alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba akirudishwa nyuma, asisumbuke kuanza upya, abebe begi lake aende Omugo, kwa maana yeye hasomeshi mtu anayetembea kinyumenyume. Kilichobaki kumwokoa ni alama za mradi wa sayansi, na mwenye kutoa alama za miradi ni Bwana Lawrence.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lakini mimi napenda kitu ya kupima. Kiden natoka kwa Jua saa mbili kamili. Barua naandika mimi mwenyewe, napiga muhuri. Hiyo barua lazima iingie ndani ya Neptuni kati ya saa sita na dakika tano na saa sita na robo. Ikiwahi, hiyo si mwanga, hiyo ni boda boda. Ikichelewa, hiyo si mwanga, hiyo ni posta. Ikiingia na saa yake, Kiden nabaki kidato cha pili. Isipoingia, mimi kwa mkutano sina maneno."

Nilikubali kabla hajamaliza. Ndivyo nilivyo.

Kwa wiki tatu darasa zima lilipagawa na anga. Walijenga Mshtarii nyuma ya jiko la shule, na mpishi akawa anaizunguka na sufuria zake akilaani elimu ya siku hizi. Kiden alifanya mazoezi kila jioni, akihesabu mizunguko ya kanyagio kwa midomo, asizidishe wala asipunguze. Siku moja aliniuliza nyota ya jirani baada ya Jua ingekuwa kilomita ngapi. Nikamwambia asahau kilomita: kwa mwendo ule angeendesha miaka minne na zaidi, mchana na usiku, bila kushuka.

"Kwa njia hakuna maji ya kunywa, Madamu?"

"Hakuna maji, hakuna watu, hakuna kitu. Mahali patupu."

"Basi mimi naenda Neptuni tu," alisema.

Tukaweka sheria moja kubwa: siku hiyo hakuna simu. Angani hakuna habari inayokimbia kuliko mwanga, kwa hiyo mtu wa Neptuni hawezi kujua jambo lolote la Jua mpaka baiskeli ifike, na wa Jua vilevile hajui ya Neptuni. Niliona sheria hiyo ni ya busara sana. Laiti ningejua.

Mtungi wa Neptuni niliuazima kwa shangazi yangu. Ijumaa ulipelekwa Abuku kwa Shamim, mwanafunzi ambaye kwao ni huko huko. Shamim aliupaka nje rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka madarasa, na jioni akauweka mahali nilipopima mimi mwenyewe, ukingoni mwa shamba la mjane mmoja anayeitwa Mama Rejoice. Nilikuwa nimemwomba ruhusa wiki iliyotangulia. Alikubali upesi, akatabasamu, nami nikadhani ni mapenzi ya sayansi.

Jumamosi saa mbili kamili Kiden alikanyaga pedali. Barua ilikuwa kifuani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Wanafunzi waliokaa Jua walipiga makofi. Saa mbili na dakika nane waliokaa Duniani wakapiga makofi yao, kwani ndipo mwanga ulipowafikia. Saa tatu mimi na Bwana Lawrence tukapanda boda boda mbili kuwahi Neptuni. Tulimpita Kiden mbele kidogo ya Zohali, sayari inayofuata Mshtarii. Hakututazama. Macho yalikuwa barabarani na midomo ilikuwa inahesabu.

Bwana Lawrence aliinama kutoka kwenye boda yake. "Madamu, sisi tumepita mwanga. Hiyo naruhusiwa?"

"Walimu hawahesabiwi," nilipiga kelele.

Tulifika Abuku saa nne na nusu, na kitu cha kwanza nilichosikia ni watu kuimba. Shamba la Mama Rejoice lilikuwa limejaa majembe. Watu kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, walikuwa wamejipanga mstari mmoja, wakilima kwa mpigo wa wimbo, na nusu ya shamba ilikuwa imeshageuzwa, udongo mwekundu unang'aa. Nikawaza kwamba hilo ni jambo zuri, watu wa Abuku ni wachapakazi. Kisha nikauona mtungi wangu.

Ulikuwa umefunikwa. Majani ya migomba yameuzunguka kuanzia mdomoni hadi chini, yamefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo safi kabisa. Buluu haikuonekana hata tone.

Ambaye hajakulia huku huenda asielewe kwa nini majani yale yalinitisha. Huku kwetu, kwenye majira ya kulima, mtungi uliofunikwa majani ukikutwa alfajiri ukingoni mwa shamba, hauna haja ya mtangazaji. Unasema: njoni mlime, mkimaliza mtakunywa. Jirani anayepita anauona, anarudi nyumbani kuchukua jembe, anamwita mwenzake. Hakuna anayeuliza ndani kuna nini, wala anayefungua kabla shamba halijaisha. Anayefungua mapema hujitia aibu yeye na ukoo wake. Watu hawa walikuwa wanalima tangu saa moja asubuhi kwa ajili ya kwete, pombe yetu ya nafaka, iliyokuwa ndani ya Neptuni. Na Neptuni ilikuwa tupu.

Shamim alikuwa amekaa kivulini, amekumbatia magoti.

"Nani alifunika?" nilimuuliza kwa sauti ya chini, ile ambayo wanafunzi wangu huiogopa kuliko ya juu.

"Mama Rejoice, Madamu. Usiku. Anasema ni juu ya umande, rangi isiharibike."

"Na wewe kwa nini hukuwaambia hawa watu?"

"Niliamka nikakuta wameanza. Nilitaka kuambia." Machozi yalimlengalenga. "Lakini walikuwa na furaha, Madamu. Na simu hakuna."

Sheria yangu mwenyewe. Nilitaka kumgombeza mtu, na kila niliyemtafuta nikakuta ni mimi. Kusema kweli pale pale kungekuwa uungwana. Lakini nilimtazama yule mzee aliyekuwa akiongoza wimbo, mrefu, mabega kama mlango, nikaona jinsi watu kumi na wawili wenye majembe wangeupokea mtungi mtupu baada ya saa tatu na nusu za jasho. Ungebaki vigae. Kiden angefika saa sita na dakika kumi na kukuta Neptuni imepasuka, na Bwana Lawrence hana alama za vigae. Nikafunga mdomo, na nakiri kwamba niliona haya.

Mzee alituona tumesimama. Akaja, jembe begani, akatushika mkono mmoja mmoja. Jina lake Tongun.

"Karibu," alisema. "Nyinyi nakuja kulima?"

"Sisi nakuja kutazama tu, Mzee," alisema Bwana Lawrence.

Mzee Tongun alimtazama viatu, akapandisha macho mpaka kwenye tai. "Hapa hakuna mutu ya kutazama," alisema kwa upole. "Mutu ya kutazama iko nakunywa na macho. Shika jembe."

Nikangoja kishindo. Bwana Lawrence ni mtu ambaye hubeba leso ya pili ya kufutia leso ya kwanza. Akavua koti, akalikunja, akanikabidhi. Akavua viatu, akatia soksi ndani yake. Kisha akashika jembe, akaingia kwenye mstari, na kwa pigo la tatu nikajua kwamba mtu huyu hakuzaliwa ofisini. Udongo ulikuwa unageuka mbele yake kama kurasa. Ulipofika ubeti wa pili alikuwa anaitikia wimbo, kwa sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia kwenye kikao chochote cha walimu.

Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nilimwachia Shamim koti na viatu, nikapanda hadi nyumbani kwa Mama Rejoice kwa hasira iliyokuwa inanisukuma mgongoni. Alikuwa uani anapepeta mtama, ametulia kabisa.

"Mama Rejoice, umenifanyia nini?"

"Mimi?" Hakuacha kupepeta. "Mimi nafunika kitu yako, umande isiharibu rangi. Hiyo iko kosa?"

"Ulijua watafikiri nini."

"Kichwa ya mutu mimi sijui. Wanapita, wanaona, wanalima. Mimi sikuita mutu."

"Na wakifungua wakute tupu?"

"Hapo wanauliza mwenye mtungi," alisema. "Si mimi."

Kumbe wakati mimi napima kilomita za anga, mjane huyu alikuwa anapima eneo la shamba lake. Nusu yangu ilitaka kumng'oa nywele, na nusu nyingine ilitaka kumwajiri shuleni. Kisha pua yangu ikanisaidia. Upepo ulitoka upande wa jiko, na ulikuwa na harufu tamu, chachu, ya nafaka iliyochemka.

"Kwete iko," nilisema.

Kwa mara ya kwanza ungo ulisimama. "Hiyo ni ya Jumatatu."

"Jumatatu kuna nini?"

Akatazama pembeni. "Kulima."

"Kulima shamba gani, Mama Rejoice? Hilo la kule chini wanalomaliza leo?"

Tulitazamana. Wajanja wakikutana, hawahitaji maneno mengi. Akaweka ungo chini, akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa na hajutii, akaingia jikoni na kutoka na madumu mawili ya manjano. Moja alinipa mimi.

Saa sita kasorobo, wakulima walipokuwa wamefika mwisho wa mbali wa shamba na migongo imetuelekea, Mama Rejoice alilegeza fundo kwa vidole viwili kama mganga, akamimina dumu la kwanza, akamimina la pili, akarudisha majani, akafunga fundo lile lile. Shamim alisimama mbele yetu akitandaza leso yake kana kwamba anaianika. Nilikuwa nimewadanganya watu wale kwa kunyamaza saa moja nzima, na nilipousikia mtungi ukijaa nilipumua kama niliyetua mzigo. Tena, kwa ukweli wa sayansi, Neptuni halisi haiko tupu hata kidogo. Chini ya mawingu yake ni vimiminika vinavyotokota. Tulikuwa tumeirekebisha.

Basi nikadhani mambo yamekwisha. Nikamfuata Mzee Tongun shambani, nikamweleza kwa adabu kwamba kuna msichana anakuja na baiskeli, ana barua, na barua hiyo lazima itiwe ndani ya mtungi kabla ya saa sita na robo. Kuufungua kidogo tu, barua iingie, kisha tufunike.

Alisikiliza yote. "Mtungi haifunguliwi kabla shamba haijaisha," alisema.

"Mzee, ni mtihani wa mtoto. Akikosa, anarudishwa nyuma."

"Mimi nasikia. Pole." Na kweli uso wake ulikuwa na pole. "Lakini nikifungua kwa huyu, kesho nafungua kwa nani? Iko mistari mbili tu. Tulime haraka."

Nikashika jembe. Nililima kwa hasira, na hasira si mkulima mzuri. Nilikata shina la muhogo na nikaambiwa nipunguze. Bwana Lawrence, hatua tatu kutoka kwangu, shati limemgandama, alikuwa anatazama saa yake kila anapofikia mwisho wa tuta.

Saa sita na dakika nane baiskeli ikatokea barabarani.

Sikuamini macho yangu. Kilomita hamsini na tano, vilima na lori na mbuzi, na amefika ndani ya wakati, dakika mbili tu mbele ya mwanga wenyewe. Alikuwa amelowa jasho, mwendo wake ule ule wa mpeleka mayai. Nikaanza kukimbia. "Kiden, barua! Uliza mzee!" nilisema, ingawa nilijua jibu la mzee, maana mtu anayezama hata jani hulishika.

Kiden alisimamisha baiskeli ukingoni. Akatazama mtungi uliofunikwa. Akatazama mstari wa watu. Na nikaona usoni mwake kitu ambacho mimi mwenyewe, kwa umri wangu, nilikuwa nimekisahau tangu saa nne na nusu: alielewa mara moja yuko wapi. Akaegemeza baiskeli, akaja shambani, akampa Mzee Tongun mkono, akapiga goti kidogo.

"Kazi, Mzee."

"Kazi, binti yangu. Nyumbani iko namna gani?"

"Nyumbani iko salama. Na kwako?"

"Salama. Na safari?"

"Safari iko salama."

Akaenda kwa wa pili. Kazi, Mama. Nyumbani? Salama. Akaenda kwa wa tatu. Nilisimama pale nikitafuna mdomo wangu. Haraka haraka haina baraka, wanasema, na aliyesema hivyo hakuwa na mwanafunzi wa kuokoa. Alipofika kwa Bwana Lawrence alimpa mkono wenye vumbi, naye akaupokea kwa mkono wenye tope, wakaulizana habari za nyumbani kama watu ambao hawajawahi kuonana ofisini. Saa sita na dakika kumi na tatu alikuwa amemaliza wote, na Mama Rejoice juu yao.

"Kipande yangu iko wapi?" aliuliza.

Mzee Tongun alimwonyesha sehemu ya mstari wa mwisho, karibu na Bwana Lawrence. Mtu mmoja alimwachia jembe. Kiden akatoa barua kifuani, akaiweka juu ya jiwe ili isipate tope, akainama, akalima.

Robo ikapita hivyo. Niliiona ikipita kwenye mkono wa Bwana Lawrence, jembe linapanda, saa inaonekana, jembe linashuka. Yeye naye aliiona. Kiden hakuinua kichwa. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga mtu, lakini sikujua mtu wa kumpiga, kwa kuwa hakuna hata mmoja pale aliyekuwa amekosea isipokuwa mimi, na labda yule mjane.

Mstari uliisha saa sita na dakika ishirini na sita. Mzee Tongun alinawa mikono, akafungua fundo, na majani yakaanguka. Katikati ya udongo mwekundu mtungi ulikuwa buluu kama ukuta wa darasa.

"Hii mtungi nasoma wapi?" aliuliza mama mmoja, na watu wote wakaangua kicheko.

Kiden alikwenda kuchukua barua yake juu ya jiwe. Akausogelea mtungi, akautazama kwa adabu, kisha akaidondosha barua na plastiki yake ndani ya kwete. Tuliisikia ikiingia.

Bwana Lawrence alikuwa amekwenda kwenye koti lake na kurudi na daftari, miguu bado mitupu. Yeye hasemi uongo hata kwa kumfariji mgonjwa, nami nilijua ni nini angeandika. Aliuliza kwa Kiswahili, wazee wasikie.

"Kiden. Mwanga alifika Neptuni saa ngapi?"

"Saa sita na dakika nane, mwalimu. Pale barabarani."

"Na barua imeingia ndani saa ngapi?"

"Saa sita na dakika ishirini na sita."

"Iko dakika kumi na nane hapo katikati. Mwanga hapana simama njiani kupumzika. Hiyo dakika kumi na nane imekwenda wapi?"

Kiden akanyamaza. Nilikijua kimya kile. Ndicho kimya chake mbele ya karatasi, na kwa kawaida huisha kwa kengele. Lakini Abuku hakuna kengele. Watu kumi na wawili waliegemea majembe yao na kumngoja bila kumharakisha, jinsi unavyomngoja mtu anayetafuta neno.

"Madamu alifundisha Februari," alisema polepole. "Mwanga ikipita mahali patupu, haipunguzi mwendo kwa mtu yeyote. Lakini ikiingia ndani ya maji, au kioo, inakwenda polepole. Ikitoka, inakimbia tena." Akatazama shamba, akatazama mtungi, akamtazama mkuu wa taaluma usoni. "Huko njiani kote nilikuwa mwanga, mwalimu. Sikupunguza hata kidogo. Lakini hapa haiko patupu. Hapa iko watu."

Nilifundisha somo lile siku ya mvua, kwa kikombe cha maji na kalamu, nikaamini hakuna aliyesikia kwa sababu ya kelele za bati. Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

Bwana Lawrence aliinamia daftari. Akaandika saa zote mbili, ya barabarani na ya mtungini, bila kupunguza hata dakika moja. Kisha kwenye sehemu ya alama akaandika neno moja la kupeleka mkutanoni Jumatatu, akanigeuzia ukurasa nione: *Anajua.* Chini yake akampa Mzee Tongun kalamu atie sahihi ya shahidi, na mzee akaifuta mikono kwanza kwenye suruali, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, huku Kiden ameshikilia daftari lisitikisike.